Sijambo ya Rubani

Salamu ni mlango wa kwanza wa utu. Watu wawili wakikutana asubuhi katika soko la Kasulu au penye kituo cha mabasi cha Kibondo, mmoja huuliza, "Hujambo?" na mwenziwe hujibu, "Sijambo." Swali hutaka kujua kama aliyeulizwa ana jambo, jibu husema kwamba hana. Lakini kila mtu ajua ya kuwa jibu hilo limekwisha kutayarishwa kabla ya swali. Aliyefiwa jana hujibu sijambo. Mwenye deni lisilolipika hujibu sijambo. Aliyekesha siku tatu akishindana na fikira za giza hujibu sijambo. Adabu imelifanya neno hili kuwa vazi, na vazi hufunika pambo na kidonda sawasawa. Kwa watu walio wengi hasara ya uongo huu mdogo huwarudia wao wenyewe. Hasara hiyo huwa ya nani basi, iwapo asemaye sijambo amekabidhiwa roho za watu mia?

Katika nyanda za juu za Kigoma swali hili si geni. Mkulima wa maharage wa Kasulu na mrina asali wa Kibondo wanaijua hali ya kumtegemea mtu mmoja. Wapandapo basi la alfajiri kushuka Kigoma au kuelekea Nyakanazi, hutazama magurudumu, huulizia nauli, huhesabu mizigo yao. Lakini hapana amwulizaye dereva kama amelala, au kama nyumbani kwake mna amani. Miji yote miwili ina viwanja vidogo vya ndege, na wenyeji wamezoea kuziona ndege ndogo zikitua na kuruka. Ndani ya ndege ya namna hiyo, kama vile Cessna Caravan ambayo yaweza kurushwa na rubani mmoja, hapana ukuta baina ya rubani na abiria. Aketiye nyuma yake huiona shingo yake, mikono yake na jasho lake. Hata hivyo macho ya abiria hukomea kwenye shati. Umbali baina ya kiti na kiti ni hatua moja. Umbali baina ya moyo na moyo haupimiki. Katika ndege kubwa umbali huo umeongezewa mlango.

Mlango huo una historia yake. Tarehe 11 Septemba 2001 watekaji waliingia katika vyumba vya marubani wa ndege nne huko Marekani wakazigeuza ndege hizo kuwa silaha. Baada ya msiba huo iliamuliwa kwamba mlango wa chumba cha marubani usivunjike kwa bega, wala kwa shoka, wala kwa risasi, na aliye ndani awe na uwezo wa kumkatalia aliye nje hata kama aliye nje anazijua namba za kuufungulia. Fikira ilikuwa njema. Ilisimama juu ya imani kwamba adui yuko nje na mlinzi yuko ndani. Swali la nini kitakachotokea siku ambayo maangamizi yatakuwa ndani na wokovu utakuwa nje halikupewa uzito ule ule.

Jibu la swali hilo lilitokea kwanza katika Afrika. Tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya shirika la Msumbiji, safari namba 470, iliondoka Maputo kwenda Luanda ikiwa na watu 33. Ilipokuwa angani rubani msaidizi alitoka kwenda msalani. Nahodha akabaki peke yake, akaufunga mlango, akaiamuru mitambo iishushe ndege mpaka ardhini. Chombo kinasacho sauti kilihifadhi mgongo wa mtu aliyekuwa akiupiga mlango. Ndege ilianguka katika Hifadhi ya Bwabwata, kaskazini mashariki mwa Namibia, na hapana aliyesalimika. Miezi kumi na sita haijatimia, tarehe 24 Machi 2015, ndege ya shirika la Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf ilijipiga katika milima ya Alpi kusini mwa Ufaransa, wakafa watu wote 150. Safari hii nahodha ndiye aliyetoka na msaidizi ndiye aliyebaki. Mlango ulikuwa ule ule, mgongo ule ule, na kimya cha aliye ndani kile kile. Msiba wa kwanza ulisomwa na wachache ukasahauliwa upesi. Wa pili ulibadili sheria za mataifa. Hili nalo ni jambo la kutafakari, maana onyo halipungui ukweli kwa kuwa limetoka katika msitu wa Namibia, na maiti 33 ni wengi vya kutosha kumfundisha mwenye kutaka kufundishika.

Baina ya misiba hii miwili palitokea jambo la tatu, katika Afrika ya Mashariki yenyewe, ambalo linastahili kutazamwa zaidi kuliko yote mawili. Tarehe 17 Februari 2014 ndege ya Ethiopia, safari namba 702, iliondoka Addis Ababa kwenda Roma ikiwa na watu 202. Nahodha alipotoka kwenda msalani, rubani msaidizi alimfungia nje. Aliipeleka ndege mpaka Geneva, akaitua salama kabla ya mapambazuko, akatoka kwa dirisha la chumba chake akishuka kwa kamba, akajisalimisha kwa askari na kuomba hifadhi. Mahakama ya Ethiopia ilimhukumu mwaka 2015, naye hayupo, kifungo cha miaka 19 na nusu. Huko Uswisi alionekana kuwa alikuwa katika maradhi ya akili yaliyomwondolea uwezo wa kuwajibika kwa tendo lake, ikaamriwa atibiwe. Abiria 193 na wafanyakazi wenzake walishuka wakiwa hai.

Mambo haya matatu yana umbo moja: mtu mmoja, mlango mmoja, na moyo ambao hapana aliyekuwa akiujua. Lakini mwisho wake haukuwa mmoja. Safari ya Geneva yaonyesha kwamba akili iliyojeruhiwa haimpeleki kila mtu kwenye mauaji. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba rubani aliua kwa sababu alikuwa mgonjwa, kama vile haitoshi kusema kwamba aliua kwa sababu alikuwa mwovu. Neno la kwanza huwatukana wagonjwa wote wasiomdhuru mtu. Neno la pili humfunga msemaji macho asione lililotangulia.

Hapa ndipo linapokuja swali la hatia. Je, mgonjwa aliyeua ni mwuaji? Ethiopia na Uswisi zilimtazama mtu mmoja kwa tendo moja zikaona watu wawili: moja iliona mhalifu, nyingine iliona mgonjwa. Kila moja ilikuwa na haki ya aina yake. Aliyelitazama tendo aliona watu 201 walionyang'anywa safari yao na kutiwa hofuni. Aliyemtazama mtendaji aliona mtu aliyenyang'anywa akili yake. Tendo hupimwa kwa madhara yake, mtendaji hupimwa kwa uwezo wake wa kutenda vinginevyo. Mizani hizi mbili hazibatilishani. Anayetumia moja tu atakuwa mkatili au atakuwa mpumbavu.

Tena hapana budi kuwa waangalifu, maana huruma nayo yaweza kupita mpaka. Wachunguzi wa Ufaransa walikuta kwamba siku ile ile ya msiba, katika safari ya kwenda Barcelona, rubani msaidizi alikuwa amebaki peke yake kwa muda mfupi, akajaribu kuyageuza maagizo ya kushuka, kisha akayarudisha kabla ya kugunduliwa. Maradhi, basi, hayakumwondolea hila wala maarifa. Kuwaambia wazazi wa waliokufa kwamba mtoto wao aliuawa na ugonjwa tu, kana kwamba hapakuwa na mkono, ni kuwafisha waliokufa mara ya pili. Mkono ulikuwapo. Lakini mwenye mkono amekufa, na adhabu haimpati aliyekufa. Sheria iliyonyimwa mshitakiwa hubakiwa na kazi moja tu yenye faida, nayo ni kuuliza nani angaliweza kujua, na nini kilichomzuia asijue.

Katika habari ya rubani huyo majibu yamo ndani ya ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2016. Alipokuwa mwanafunzi, mwaka 2008 na 2009, alipatwa na huzuni nzito ambayo waganga wa leo huiita sonona. Alitibiwa akarudi masomoni, na cheti chake cha afya kikaandikwa sharti kwamba maradhi yakirudi kitabatilika. Alikuwa na deni la makumi ya maelfu ya yuro kwa ajili ya mafunzo yake, wala hakuwa na kinga ya kumhifadhia mapato yake ya siku za mbele endapo angaliondolewa katika urubani. Maradhi yaliporudi alikwenda kwa waganga wengi. Wiki mbili kabla ya msiba mmoja wao alimshauri alazwe katika hospitali ya akili. Alipewa vyeti vya kupumzika kazi, asivipeleke vyote kazini. Waganga walijua asichokijua mwajiri. Mwajiri alikuwa na mamlaka wasiyokuwa nayo waganga. Na abiria, ambao ndio waliokuwa na haki kubwa ya kujua, hawakujua lolote. Asubuhi ile wenzake wa kazi walimsalimu, naye bila shaka alijibu kwa lugha yao neno lililo sawa na sijambo.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii humlaumu mficha. Ni haki kumlaumu, lakini ni nusu ya haki. Mtu hafichi kitu mpaka ajue kwamba kukionyesha kuna gharama. Ikiwa kusema, "Nina jambo," humpotezea mtu kazi, heshima na mkate wa watoto wake, basi ulimwengu umemlipa mshahara kwa kunyamaza, kisha unamshangaa kwa kuwa amenyamaza. Vipimo vya rubani hurudiwa kila mwaka, na kwa wengine kila miezi 6. Jicho hupimwa kwa herufi, sikio kwa mlio, damu kwa chombo. Maungo hayo hayawezi kusema uongo. Huzuni hupimwa hasa kwa kuuliza, na aulizwaye ndiye huyo huyo atakayeadhibiwa kwa jibu lake. Kipimo cha namna hiyo humkamata mkweli kikampitisha mwongo. Humwacha chini aliye tayari kutibiwa, kikampeleka angani aliye hodari wa kuficha.

Wako watakaosema kwamba dawa ni nyepesi: siri ya mganga ivunjwe, kila rubani mwenye huzuni atangazwe kwa mwajiri wake, aondolewe. Shauri hili lina nguvu, maana siri ya mtu mmoja haiwezi kuwa na thamani kubwa kuliko uhai wa watu 150. Mganga aliye na hakika kwamba mgonjwa wake anakaribia kuwadhuru wengine hana ruhusa ya dhamiri kukaa kimya. Lakini hakika hiyo ni adimu, na sheria haitungwi kwa yaliyo adimu peke yake. Ikiwa kila neno la mgonjwa litapelekwa kwa mwajiri, siku ya pili hapana rubani atakayekwenda kwa mganga. Siri haitakuwa imevunjwa. Itakuwa imehama kutoka katika chumba cha mganga, ambako alikuwako angalau msikilizaji mmoja, ikaingia katika kifua cha mtu ambamo hamna msikilizaji. Mpaka wa haki, kwa hiyo, ni huu: siri ilindwe hadi kwenye ukingo wa hatari, na ukingo huo uandikwe wazi katika sheria, ili mganga asikae akihofia kifungo kwa kusema wala lawama kwa kunyamaza. Wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza jambo la namna hiyo hiyo.

Wako tena watakaotoka katika habari hizi na dhana mbaya kwa kila mwenye huzuni. Hao wangefaa kukaa siku chache katika Kasulu na Kibondo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 walimiminika humo watu wa Burundi, na kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa upya kwa ajili yao. Watu zaidi ya laki moja waliingia katika nyanda hizi wakiwa wamebeba magodoro, sufuria na mambo ambayo macho yao yaliyaona. Madaktari Wasio na Mipaka walipofanya kazi Nduta waliweka huduma ya maradhi ya akili pamoja na tiba ya malaria na uzazi, kwa kuwa waliona kwamba kidonda cha nafsi ni kidonda. Wengi katika kambi hizo walikuwa na sababu ya kukata tamaa kupita rubani yeyote wa Ulaya. Waliamka hata hivyo, wakapika, wakafundisha watoto, wakazikana na kuozana. Huzuni haikuwafanya wauaji. Anayemwogopa kila mwenye huzuni atawaogopa walio wema kuliko yeye.

Kosa la kuadhibu ukweli si la mashirika ya ndege peke yake. Limo hata katika sheria. Kanuni ya Adhabu ambayo Tanzania iliirithi kutoka kwa utawala wa Waingereza, katika kifungu cha 217, ililihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961. Kenya ilikaa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Waliotunga sheria hizi walitaka kuulinda uhai, na nia hiyo ni tukufu. Lakini mtu aliyekwisha kuuchoka uhai haogopi jela. Anayeiogopa ni ndugu yake, ambaye angalimpeleka hospitali na sasa humficha nyumbani. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuwa ukuta mbele ya kaburi hugeuka ukuta mbele ya mganga. Rubani aliyeingia katika kazi ya anga alitoka kwanza katika nyumba, kijiji na nchi; akiwa amefundishwa tangu utoto kwamba maumivu ya moyo ni aibu au ni hatia, shirika lake halitamfundisha vingine kwa waraka mmoja.

Nini basi kifanywe? Siku chache baada ya msiba wa Alpi, wasimamizi wa usalama wa anga wa Ulaya walishauri kwamba pasiwepo wakati wowote mtu mmoja tu katika chumba cha marubani. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Misiba hii ilionyesha kwamba hata nahodha mmoja aliyejifungia hukizamisha chombo kwa hakika zaidi. Baadaye shauri hilo lililegezwa, na mwaka 2017 mashirika ya Ujerumani yaliliacha, yakisema kwamba halikuongeza usalama. Yamkini palikuwa na hoja pande zote mbili. Mtu wa pili ndani ya chumba ni shahidi, na shahidi huzuia maovu mengi. Lakini shahidi asiyeruhusiwa kuuliza neno ni mlango mwingine tu wenye macho.

Lililo jema zaidi lilikuja baadaye. Tangu mwezi wa Februari 2021 sheria ya Ulaya imeyataka mashirika yawe na utaratibu ambao rubani mwenye jambo aweza kwenda kwa rubani mwenziwe aliyefundishwa kusikiliza, akasema bila ya kwanza kupokonywa cheti. Marekani ilikwisha kuruhusu tangu mwaka 2010 kwamba rubani atumiaye dawa fulani za sonona, akiwa chini ya uangalizi, aweza kurudi angani. Nguvu ya taratibu hizi haitoki katika upole wake bali katika hesabu yake. Zimepunguza bei ya ukweli. Mtu akijua kwamba baada ya kusema atapumzishwa, atalipwa, atatibiwa, na akipona atarudi, ulimi wake hulegea mapema, na mapema ndiyo sehemu kubwa ya tiba.

Huulizwa: nani atakayelipa mshahara wa rubani apumzikaye? Jibu la haki ni kwamba atalipa abiria, ndani ya nauli yake, kama anavyolipia mafuta na mipira ya magurudumu. Amana ina pande mbili. Aliyekabidhiwa roho za watu hana haki ya kuficha jambo liwezalo kuziangamiza; huo ni wajibu wake, wala umaskini, fahari au aibu haviufuti. Lakini waliomkabidhi hawana haki ya kudai ukweli wasiokuwa tayari kuupokea. Mwenye kudai mlango ufunguliwe, kisha akasimama kizingitini na fimbo, hataki mlango ufunguliwe. Haki ya kuuliza hununuliwa kwa utayari wa kusikia.

Mambo haya hayaishii angani. Dereva wa basi la alfajiri, mkunga wa zamu ya usiku, askari mwenye bunduki, mwalimu mwenye watoto sitini, wote wamekabidhiwa. Siku moja alfajiri, katika ukungu wa Kasulu, mmoja wao ataulizwa kama hajambo, naye atakawia kidogo kabla ya kujibu. Katika kukawia huko mtakuwa na nafasi, ndogo kama ufa wa mlango. Aliyeuliza aweza kupita kwa haraka, kwa kuwa safari inangoja. Au aweza kusimama akauliza mara ya pili. Salamu ya kwanza ni ya adabu. Ya pili ndiyo ya utu.